Moto wa Mama Walid

Fadhila hakuwahi kumwamini mtu anayegawa kitu bure, kisha akarudi kuangalia kilivyotumika. Ndiyo maana Franck, kijana wa mradi wa majiko, alipomletea mfuko wa makala, mkaa wa kupikia, na kuutundika kwenye mzani wake wa ndoano, yeye alisimama mlangoni mwa jiko akiwa amekunja mikono kifuani, akautazama mshale wa mzani badala ya kumtazama mgeni.

"Weye kijana," alisema, "makala ni ya kupikia. Hii kupima iko ya nini?"

"Tunatafuta unyayo wa kaboni wa kila nyumba, Mama Walid. Ni kusema, moshi wa kwenu unaharibu hewa kiasi gani. Tukisha kujua, tunawapa jiko jipya la udongo, lile halile makala mingi. Kisha tunapima tena, tuone kama moshi umepunguka."

Mama Ushindi, jirani wa upande wa ziwani, alikuwa amechomoza kichwa juu ya ukuta. Alicheka. "Mama Walid, fagia kiwanja! Muntu anaokota unyayo wa mwenzake, hamutakie mema."

Fadhila hakucheka. Jiko lile alilitaka. Tangu kufiwa na mume, watoto wakiwa wameshaondoka nyumbani, aliishi kwa kuuza maharage ya kuchemsha, na maharage makavu hayana huruma na makala; faida yote ilipanda angani pamoja na moshi. Sharti la mradi lilikuwa moja: apike kama alivyozoea, na makala ya mfuko ule yasitoke nje ya ukuta wake. Aliapa kwamba hayatatoka.

Franck akawa anakuja kila asubuhi kupima yaliyobaki. Siku za mwanzo aliandika kwenye simu yake, akaenda zake. Baadaye akaanza kupima mara mbili, kuutikisa mzani, kuinama na kuchungulia chungu.

"Mama, hapa iko muntu mumoja na chungu kimoja, lakini makala inaisha kama ya oteli. Majirani wako wako na watoto wengi, na hawamalize hata nusu ya yako."

"Basi mzani wako ni mugonjwa."

"Mzani ni ule ule tunapimia wote." Kijana alishusha sauti. "Kuko batu banauzishaka makala ya proje. Tukimushika muntu, tunamutoa. Jiko tunapatia mwingine, na jina lake tunalisoma mu mkutano wa mtaa."

"Minye? Minye niuzishe makala ya kupewa?"

Franck alifunga simu yake na kuondoka.

Siku ile Fadhila aliuza maharage bila kuonja hata punje. Wazee wake walikuwa wamefanya biashara ziwani tangu enzi za misafara, na kati yao hakuna aliyewahi kuitwa mwizi mbele ya watu. Alimshuku kwanza Franck, kwamba huenda anaibonyeza ndoano kwa kidole. Akamchunga, kidole hakikugusa kitu. Akamshuku Bella, mke kijana wa nyumba ya pili, kwa kuwa ukuta wa huko ulikuwa mfupi. Akauhamishia mfuko chumbani, chini ya kitanda, akatia kufuli. Makala yakazidi kupungua.

Hapo akaamua kutobandua macho kwenye makala yale, tangu yanapotoka mfukoni hadi yanapokuwa majivu. Baada ya swala ya alfajiri, wakati mtaa wa Kilibula ungali umelala, aliwasha mbabula, jiko lake kuukuu la bati, akateleka chungu, akaketi akiutazama moto.

"Hodi, Mama Walid. Unipatie moto." Alikuwa Bella, mkononi ana kifuniko cha sufuria.

"Karibu, binti yangu." Koleo lilikuwa tayari mkononi mwa Fadhila.

Akaja Mama Ushindi na kikaango kilichovunjika mpini. Wakaja na wa nyumba za nyuma. Kila mmoja alisalimia, akapokea makaa yake mekundu, akaenda zake. Chungu kilipoacha kutokota, Fadhila alitia mkono kwenye mfuko aliouweka kando yake ili aongeze makala, na mkono ukakwama humo humo.

Alikuwa amelelewa hivi: moto ni kama maji, haunyimwi, na kisichonyimwa hakihesabiwi. Aliapa kwamba makala hayatatoka, na kweli hayakutoka. Ulitoka moto.

Kesho yake alifunga lango kwa komeo. Walibisha, hakuitika. Alimfungulia Franck peke yake, naye alipopima, makala yalikuwa yamepungua kidogo tu. Fadhila alingoja sifa. Kijana akatabasamu kama aliyeshika panya mkia.

"Unaona? Umeogopa mkutano, na makala imeacha kuisha. Ulikuwa unauzisha, Mama."

"Nilikuwa ninapatia majirani moto! Mama Ushindi, njoo useme!"

Kichwa kilichomoza juu ya ukuta, kikamtazama Franck, kikaitazama simu yake. Nyumba ya Mama Ushindi ilikuwa imesifiwa na mradi kwa moshi wake mdogo.

"Minye sijachukua makala kwa Mama Walid," alisema taratibu. "Hata moja."

Franck alianza kuandika. Mara lango likapigwa kwa kiganja.

"Andika na hii!" Ilikuwa sauti ya Bella. Fadhila alipofungua, alimkuta masizi usoni, nguo zikinuka mifuko ya plastiki iliyoungua. "Mama Walid amekuwa muchoyo! Tangu niolewe huku sijawasha moto mwenyewe. Alikuwa anatupatia kila asubuhi, minye, Mama Ushindi, na wote wa huko nyuma. Leo amefunga mulango, nimechoma masashe mpaka mutoto anakohoa! Andika: muntu ananyima moto!"

Kichwa cha Mama Ushindi kilizama nyuma ya ukuta. Franck alikitazama kifuniko cheusi mkononi mwa Bella, kisha mbabula, kisha moshi mzito uliokuwa ukipanda kutoka kila kiwanja cha jirani.

"Kumbe nyumba zote hizi ziko na moto mumoja," alisema. Akafuta alichoandika. "Itabidi niwapime wote pamoja. Na hii moshi ya masashe pia. Jina lako halitasomwa, Mama. Jiko lako linabaki lako."

Fadhila alishukuru, lakini moyo haukutulia. Bella alikuwa amekasirika kweli, au alijua hasira ndiyo itakayoaminiwa? Msichana mwerevu huweza yote mawili kwa mdomo mmoja.

Asubuhi iliyofuata hakutia komeo. Bella aliingia, akachutama mbele ya mbabula.

"Jana," Fadhila alimwuliza, "ulikuwa unanitukana ao ulikuwa unanisaidia?"

Bella alipuliza majivu kwenye kifuniko chake. "Unipatie moto, Mama Walid. Mutoto anangojea uji."

Koleo lilikwenda kwanza kwenye makaa madogo. Kisha Fadhila, akiwa bado anamtazama usoni, akamwongezea kubwa moja.