Kumtafuta Mama kwa Paa la Nyumba

Habari ya dereva wa lori la mahindi ndiyo iliyonitoa Sumbawanga. Alinikuta mtaani kwangu Majengo, akaniambia kijiji chetu, upande wa Laela, kimehamishwa na serikali, na nyumba zimeezuliwa.

"Na mama yangu?"

"Ndugu yangu, mimi niliona kuta tu."

Mama alikuwa mjane, akiishi peke yake.

Asubuhi niliomba ruhusa kazini. Nilikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na Bwana Tomu, mtaalamu Mmarekani wa ofisini kwetu, alikuwa anakwenda Laela kukagua ghala. Akanipakia kwenye Landrova.

Njiani upepo wa Ufipa ulitupiga ubavuni. Sikutulia, kila gofu lililokosa paa lilinishtua. Bwana Tomu, labda ili kunipunguzia mawazo, akaendelea na somo alilozoea kunipa kwa picha: namna ya kuzitambua nyumba za kale za kwao. Yenye bomba kubwa la moshi katikati, na paa linaloteremka nyuma karibu liguse ardhi, ni ya kaskazini, kwenye theluji. Yenye nguzo nyeupe mbele ni ya tajiri aliyewaiga Wagiriki wa kale. Ya udongo, paa bapa, ni ya jangwani.

"Usitazame rangi," alisema. "Anza na paa. Watu walipohama, walihama na nyumba zao kichwani."

Maneno hayo yalinikaa. Mama alizaliwa Kipili, ziwani. Nyumba yetu ilikuwa na paa lililotokeza mbele na kufunika baraza pana, kama za kwao. Majirani walimcheka: kwa baridi hii nani atakaa nje?

Mchana tuliingia kijiji kipya walikohamishiwa watu wa kwetu. Nyumba zilikuwa mistari kwa mistari, zote kipimo kimoja. Balozi wa nyumba kumi alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Watu wametoka kila upande, na wengine wamepelekwa ng'ambo ya mto. Tafuta tu, ndugu."

Nilipita mstari wa kwanza, nikashika wa pili. Nikaliona: paa limetokeza, baraza chini yake! Nilikimbia.

"Mama!"

Akatoka mwanamke nisiyemjua, mikono imejaa unga.

"Shikamoo, mama. Namtafuta mama yangu. Nyumba hii ni ya Kipili..."

"Marahaba. Ni ya Kipili kweli, mume wangu katoka huko. Mama yako nani?"

Nikamtaja. Akanitazama kwa huruma. "Mbona umempita? Nyumba yake ile pale, mstari wa kwanza."

Kweli nilikuwa nimeupita mlango ule bila kugeuza shingo, maana nyumba ilifanana na zote. Nikabisha hodi.

"Karibu," akaitikia mama, kabla hajajua ni mimi.

Alikuwa amekonda, lakini mzima. Nilimuuliza mbona safari hii hakujenga baraza.

"Ningeinua nguzo na nani, mwanangu? Hii vijana wamenijengea. Haivuji."

Kesho yake, tukirudi, Bwana Tomu aliniuliza kama niliitambua nyumba.

"Niliitambua," nikamwambia. "Ilikuwa ya mtu mwingine."

Hadi leo nikitazama nyumba naanza na paa, kama nilivyofundishwa. Paa litakuambia mjenzi katoka wapi. Nani amebaki bila mtu wa kuinua naye nguzo, hilo halisemi. Mpaka ubishe hodi.