Kisigino cha Kipa Mwaro

Mechi ilikuwa ianze saa kumi. Saa kumi na robo Mwaro alikuwa bado amesimama hatua tano nje ya goli lake, macho chini, glavu zimelowa jasho. Karibu na mstari wa goli palikuwa na kiduara cha udongo mbichi, kipana kama sahani ya wali.

"Piga kisigino, kipa!" Kaingu, nahodha wao, alimpigia kelele. "Wametufukia dawa hao!"

Uwanja mzima wa Gede ukacheka. Hapakuwa na la ajabu. Timu ngeni hazikosi mtu wa kufukia kitambaa cheusi golini kwa siri, mpira upate kuingia, na kazi ya kwanza ya kipa ni kulikagua goli. Akiona udongo umechezewa, huukwangua kwa kisigino mpaka dawa itoke. Kwa kazi hiyo Mwaro hakuwa na mfano, ungedhani kuku anatafuta mchwa. Ndiye aliyewafundisha wenzake wote, wa kwanza akiwa rafiki yake Lewis, mshambuliaji.

Mechi ya leo ilikuwa ya kumkumbuka huyo Lewis. Mama yake, Hannah, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya goli, leso begani, na Mwaro alijua fika kwamba akiinua macho yatakutana na yake. Alikuwa akiyakwepa mwaka wa tatu sasa.

Mwaro na Lewis walijiandikisha jeshini siku moja, Malindi. Tusiwasifu bure: hawakwenda kwa ajili ya bendera, walikwenda kwa ajili ya mpira. Walisikia jeshi lina timu, ina viatu vipya, na mshahara huingia ushinde usishinde. Na kweli walicheza misimu miwili, Mwaro golini, Lewis mbele. Kisha wakapangiwa kikosi cha vita, wakavushwa mpaka kuingia Somalia, na viatu vya mpira vikabaki sandukuni.

Huko Mwaro alipewa kazi ya kutangulia mbele ya malori kwa miguu, akitafuta mabomu yaliyofukiwa njiani. Alikuwa hodari hata mkubwa wao akashangaa: mtambo wa kugundua mabomu haujalia, Mwaro ameshainua mkono. Kilichomtesa ni kisigino. Kila alipoona udongo umechezewa, mguu wa kulia ulitaka kwenda. Aliubana, jasho likimtiririka, mpaka alale kifudifudi na kuchakura kwa vidole, taratibu, kama alivyofunzwa jeshini.

Alijua Lewis ana kisigino kilekile. Alitaka kumwonya. Lakini aliona haya, mwanajeshi mzima kukiri kwamba anauogopa mguu wake mwenyewe, akanyamaza.

Kisha siku moja malori yalisimama njiani. Lewis alishuka akiwa ametoka usingizini, akasogea kando ya njia kujisaidia. Mwaro alimwona akitazama chini. Macho yaliona udongo uliochezewa, mguu ukaenda, akili ikiwa bado imelala. Mwaro alipiga ukelele, lakini alikuwa amechelewa.

Aliporudi nyumbani, Hannah alimuuliza mara moja tu: mwanangu alikufaje? Mwaro akajibu, "Vita, mama." Lilikuwa jibu la mwoga, naye alijua.

Sasa, pale uwanjani, refa alipuliza filimbi kuwahimiza. Mwaro alitaka kunyanyua mguu, mguu ukakataa. Akavua glavu, akalala kifudifudi mbele ya watu wote, akaanza kujivuta kuelekea kile kiduara, vidole vikitangulia. Kicheko kilipanda, kikapungua, kikakatika kabisa.

Aliponyanyua kichwa aliona miguu ya Hannah mbele yake.

"Rudi nyuma, mama! Rudi!"

Hannah hakurudi. "Ndivyo mnavyofanya huko vitani?"

"Ndivyo."

"Na Lewis wangu alifanyaje?"

Angeweza kusema vita tena. Neno lilikuwa karibu, lishafika ulimini.

"Alipiga kisigino, mama. Nilivyomfundisha mimi, hapa hapa. Nilijua iko siku atapiga, na sikumwonya."

Wachezaji walikuwa wamesogea. Hannah alipiga magoti, na kabla Mwaro hajamshika, akautumbukiza mkono wake wote kwenye ule udongo. Mwaro alifumba macho, mwili ukajikunja wenyewe. Alipofumbua, mama yule alikuwa ameshika kitambaa cheusi kilichofungwa kwa uzi. Kilikuwa na vipande vya makaa, basi.

"Alikuwa na hofu?" Hannah aliuliza.

"Hapana, mama. Hakuwa na habari hata kidogo."

Hannah aliyafuta machozi kwa ncha ya leso. "Sijui kama nitakusamehe, mwanangu. Leo siwezi. Lakini inuka uingie golini. Lewis asingependa timu yake icheze bila kipa."

Mwaro akavaa glavu, akaingia. Hannah hakurudi kwenye kiti chake. Alisimama kando ya mlingoti wa goli mpaka filimbi ya mwisho, kile kitambaa amekifumbata mkononi.