Blauzi Niliyomrekebishia Dada

Siku chache kabla ya sikukuu ya parokia, dada yangu alikuja kutoka Kaengesa kujaribu blauzi ya sare niliyomshonea hapa kwangu Izia. Mimi ni fundi cherehani, na nina majivuno: kwangu nguo haitoki imejikunja. Ile ilijikunja kifuani, upande wa kushoto. Nilipomvua, nikaona titi limevutwa kwa ndani na ngozi yake imebonyea.

"Hiki nini, dada?"

"Uzee, mdogo wangu. Nimenyonyesha saba, unataka libaki vilevile? Wahisha bwana, ndege wanamaliza ulezi wangu shambani."

Tukacheka. Nikachukua futi, nikapima upya, nikapunguza kitambaa upande ule na kuweka bitana nene mpaka kifua kikalingana. Siku ya sikukuu akina mama walimzunguka wakisifu mshono, nami nikavimba kichwa.

Maumivu yalipomleta hospitali, mwaka ulikuwa umepita. Daktari alisema ni saratani ya titi na tumechelewa, akauliza mabadiliko tuliyaona lini. Mimi nilikumbuka hata rangi ya uzi niliotunga siku ile, na sikusema.

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Dada hakuficha. Alivua nguo mbele yangu. Aliyeficha ni mimi, kwa sindano na uzi.

Mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na mbili, nilipanda basi hadi Mbeya kupigwa picha ya matiti kwa mara ya kwanza. Binti wa kwenye mashine alinipa shikamoo, akanisogeza, titi likabanwa kati ya vibao viwili. "Usitikisike, mama." Niliuma meno, ingawa sindano ya cherehani imewahi kuniumiza kidole zaidi. Alinieleza kwamba picha inaweza kuonyesha uvimbe kabla mkono haujaugusa, ndiyo maana haifai kungoja dalili. Majibu yalipotoka, sikuwa na kitu. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, maana dada dalili alikuwa nayo, na niliitazama kwa macho yangu.

Sasa kila mwanamke ninayempima namuuliza kama amewahi kuchunguzwa matiti. Anayekasirika aende kwa fundi mwingine.

Dada tulimzika na ile blauzi. Alikuwa amekonda, ikampwaya, na wanawe wakaniomba niipunguze. Nilikataa. Niliwaambia nimeshairekebisha vya kutosha.