Kifuniko cha Soda Shambani

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo, mwanangu, huwa natokwa na jasho hata kukiwa na baridi. Siku hiyo ilianza na kifuniko cha soda. Kifuniko kimoja tu, chenye kutu pembeni, nilichokiokota kwenye mstari wa mahindi tukipalilia.

Nasikia vijana wengi siku hizi mnataka kurudi mashambani mkaanzishe vijiji vya maadili, mtunze udongo, mchote maji ya mvua, muishi pamoja na watu wa kujitolea. Nafurahi. Nami nilianzisha changu nikiwa kijana kama wewe. Lakini kabla hujachora ramani, keti kidogo nikueleze kilichonipata.

Baba na mama walitutoka mwaka mmoja, wakipishana kwa miezi michache. Mimi, Nanjala, ndiye kifungua mimba. Nilikuwa darasa la saba. Nilirudisha vitabu vya shule, nikashika jembe, ili Simiyu anayenifuata na wale wadogo wawili waendelee kusoma. Tulikuwa na ekari tano nje ya mji wa Kitale, ambazo baba alizinunua alipohama kutoka Sirisia. Watu wa ukoo walikuja mara mbili kuniambia niuze tugawane. Mara mbili niliwapikia chai, wakanywa, wakarudi Sirisia. Sikuuza.

Nakuambia haya ujue nilikuwa mtu wa namna gani. Nikishika kitu, siachi. Watu walinisifu kwa hilo, na sifa hizo zikaniingia kichwani kuliko nilivyojua.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikwenda semina ya wiki mbili Bungoma, ya kilimo kisichotumia kemikali. Nilirudi na cheti. Mwanangu, ile ndiyo karatasi ya kwanza yenye jina langu tangu niache shule. Niliitia kwenye fremu, nikaitundika ukutani kando ya picha ya harusi ya wazazi wetu. Kila neno nililofundishwa kule nililishika kama amri.

Basi nikaanzisha kijiji. Vijana wa kujitolea walikuja, wengine kutoka Webuye, wengine Kitale mjini, hata wageni wawili wa ng'ambo waliojifunza kusonga ugali wakiunguza sufuria zangu. Tulijenga nyumba za udongo, tukachimba mashimo ya mboji, tukatengeneza vyoo vinavyotoa mbolea. Langoni tuliweka ubao wa mabati wenye maadili yetu manne: ukweli, usafi, kazi ya mikono, kuheshimu udongo. Aliyeandika herufi hizo ni Halima, msichana wa mjini ambaye kwao ni karibu na msikiti. Alikuwa na mkono mzuri wa rangi, na kwa jembe pia hakuna aliyemfikia. Kila asubuhi tulisimama duara mbele ya ubao, tukayasoma kwa sauti.

Mwaka wa kwanza bila mbolea ya duka, mahindi yalitoka membamba. Tulivuna kidogo, tukala kidogo. Simiyu, ambaye wakati huo alikuwa amemaliza shule na ndiye mkono wangu wa kulia, alinijia jikoni.

"Dada, hii shamba imechoka. Baba aliizoesha mbolea ya duka miaka yote. Ukiinyima ghafla itakataa. Si tupunguze polepole?"

Unajua nilimjibu nini? Nilisonga ugali bila kumtazama, nikamwuliza, "Kwani wewe umeenda semina gani?"

Simiyu alitoka. Hakulitaja tena jambo hilo, nami nikadhani ameelewa.

Mwaka wa pili aliniomba apande mwenyewe kipande cha mbele, kile kinachopakana na barabara. Nikafurahi, nikamwachia. Mahindi ya kipande hicho yaliota! Yalikuwa ya kijani kibichi, mashina manene kama mkono wa mtoto. Watu walisimamisha baiskeli kutazama. Nikawaambia ni mboji. Niliwaambia hivyo kwa moyo wangu wote, kwa maana ndivyo nilivyoamini. Kwamba mahindi ya nyuma yalikuwa bado membamba, nilisema ni kivuli cha miti.

Jirani yetu, bibi tuliyemwita Shosho Wanjiku, mjane aliyekuwa akilea wajukuu watatu, ndiye aliyenisikiliza zaidi ya wote. Watu wake walitoka huko Mkoa wa Kati zamani, na jina langu hakuweza kulitamka vizuri.

"Nanjara," aliniambia mwaka wa tatu karibu na kupanda, "niko na mfuko wa mbolea ndani ya nyumba. Nifanye nini nayo?"

"Rudisha dukani, Shosho. Unaua udongo wako."

"Kweri?"

"Si umeona mahindi yangu?"

Aliyaona. Siku hiyohiyo alimtuma Simiyu aurudishe mfuko kwa baiskeli, achukue maharagwe ya mbegu badala yake.

Sasa turudi kwenye kifuniko. Ilikuwa mwezi wa tano, Alhamisi, tunapalilia kile kipande cha mbele. Kijijini kwetu soda tuliikataa, pamoja na chupa zake na takataka zake. Nilipokiona kile kifuniko nilihisi kama mtu amenitemea mate. Niliwaita wote kwenye duara.

"Nani amekunywa soda?"

Mstari nilimokiokota ulikuwa wa Halima. Nikamgeukia.

"Dada Nanjala, leo Alhamisi," akasema akitabasamu. "Mimi hufunga Jumatatu na Alhamisi. Hata maji ninayaangalia tu."

Wenzake wakacheka kidogo. Kicheko hicho kikanichoma. Nikasema, mwanangu, na haya maneno ningekuwa na uwezo ningeyarudisha mdomoni, "Hata wanaofunga wana vichochoro vyao."

Hakuna aliyecheka tena. Halima alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake mzazi. Nikaongeza kwamba neno la kwanza kwenye ubao ni ukweli, na asiyeweza kuliishi hana mahali hapa. Alivua gambuti za kijiji, zile buti za mpira, akazisimamisha sawasawa chini ya ule ubao alioandika yeye mwenyewe, akavaa ndara zake na kuondoka. Simiyu alikuwa amesimama hapo hapo kwenye duara. Alikuwa akikwangua tope kwenye jembe lake, akikwangua mahali palipokwisha kuwa safi.

Mwezi wa tisa tukafanya siku ya wageni. Wakulima walitoka Sirisia, Webuye, hata Lwakhakha kule mpakani. Niliwasimamisha mbele ya mahindi ya barabarani, nikaeleza mboji, nikaeleza matandazo, nikaeleza subira. Nilikuwa bado nikizungumza Shosho Wanjiku alipopenya katikati ya watu na kiondo chake. Akatoa hindi moja. Lilikuwa na urefu wa kidole gumba, na punje za kuhesabika.

"Nanjara, hii ndio nimevuna. Shamba yote ni hivi. Samadi niriweka. Majani niritandaza. Sasa niambie nirikosea wapi, mbele ya hawa watu, ndio wao wasikose kama mimi."

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mwanafunzi. Nami, badala ya kusema sijui, nikasema, "Labda mboji haikuiva, Shosho. Labda hukuiweka kwa moyo."

Mzee mmoja wa Lwakhakha akacheka. "Moyo mnapima na nini huku kwenu, mama? Na debe?"

Watu wakaangua kicheko. Nikataka kumjibu.

"Dada, nyamaza."

Nilidhani sikusikia vizuri. Simiyu hakuwahi kuniambia neno hilo tangu azaliwe. Alikuwa amekuja mbele, mkono mfukoni. Akatoa kifuniko cha soda kilichotobolewa tundu na kufungwa uzi.

"Moyo tunapima na hii," akasema. "Cha kwanza kilinipotea, ndio hiki nikakifunga uzi. Kila shimo, kifuniko kimoja. Hii yote mnaona hapa mbele, nimeiwekea."

"Kifuniko cha nini?" mtu akauliza.

"Mbolea ya duka. Miaka miwili sasa."

Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Na usidhani nilifikiria mahindi. Nilimwona Halima akivua gambuti.

Shosho alimkaribia Simiyu. "Mwaka huu uritoa wapi?"

Simiyu akashindwa kumtazama. "Ni ule mfuko wako, Shosho. Sikuufikisha dukani. Yale maharagwe nilikupa ya ghala letu."

Shosho Wanjiku alitazama ule msitu wa mahindi kutoka mwanzo hadi mwisho. "Ai," akasema polepole. "Kumbe ni mahindi yangu imehamia kwa jirani."

Wengine walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu yule mama alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, hindi lake mapajani. Mwaka mzima wa chakula cha wajukuu watatu ulikuwa pale mapajani.

Nilianza kumfokea Simiyu. Shosho akaninyooshea kidole, na ndipo nilipopata maneno ambayo nimeishi nayo.

"Wacha huyo kijana. Yeye arikuogopa. Mimi nirikuamini. Sisi wote umetupoteza, wewe. Kama ndugu yako wa tumbo moja hawezi kukuambia ukweri, hiyo mabati ya huko mrangoni ni ya nini?"

Wageni waliondoka bila kunywa chai. Jioni nilimkuta Simiyu kwenye ghala, akipanga magunia matupu. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia, Dada. Ukaniuliza nimeenda semina gani."

"Mara moja tu. Ungerudia."

Akakunja gunia jingine. "Wewe uliacha shule kwa sababu yangu. Nikubishie na mdomo gani? Nikaona heri watoto wapate kula, na wewe ubaki na furaha yako."

Hapo ndipo nilipolia. Kumbe jembe nililolishika kwa ajili yao lilikuwa limegeuka kuwa fimbo. Sikuwahi kumpiga mtu nalo, lakini kila mmoja nyumbani alijua lipo.

Tulivuna kipande cha mbele chote, tukapeleka mahindi yake kwa Shosho. Vijana walibeba mabegani, mimi nikiwa wa kwanza. Alitufungulia ghala lake bila kunisalimu. Lilipojaa, akasema, "Mahindi ya uongo, rakini ugari ni ugari." Hayo ndiyo yalikuwa maamkio yangu siku hiyo, na niliyapokea.

Kwa Halima nilikwenda peke yangu. Alinisikiliza mlangoni kwao mpaka mwisho.

"Dada, ulinisema kwenye duara, watu wote wakiwa pale. Mbona msamaha unauleta mlangoni tukiwa wawili?"

Jumamosi iliyofuata niliita duara, nikawaita na majirani. Halima alikuja na mama yake, wakasimama upande wa barabara. Nilisema yote: kwamba hakusema uongo, kwamba nilitukana saumu yake, kwamba mwenye kijiji ndiye aliyekuwa kipofu. Nilisema nikiwa nimesimama, na kila neno lilinitoka kama mwiba. Halima hakurudi kuishi nasi. Alizichukua tu zile gambuti, akazivaa, akasema, "Hizi sasa ni zangu," akaenda nazo mjini akizikokota barabarani. Hakuna aliyethubutu kumwambia ni za kijiji.

Kijiji hakikufa. Tulifanya kama Simiyu alivyosema tangu mwanzo. Mwaka uliofuata, kifuniko kimoja kwa kila shimo. Kisha nusu kifuniko. Kisha robo. Mgeni akija tulimwambia wazi, hapa bado tunaweka, na tunaweka kiasi hiki. Baadhi yao waliguna wakaondoka. Baada ya miaka kadhaa kifuniko hakikuhitajika tena, na mahindi ya Shosho, aliyepunguza pamoja nasi hatua kwa hatua, yalikuwa mazuri kuliko yetu. Alihakikisha kila apitaye anajua hivyo.

Basi mwanangu, ninalokuomba ni hili. Kabla hujaandika maadili kwenye ubao, mtafute yule anayekuogopa hapo nyumbani, umwulize shamba linasemaje. Akikuambia usilotaka kusikia, usimwulize amesoma wapi. Usimpeleke jirani mahali ambapo wewe mwenyewe hujakanyaga hadi mwisho, maana yeye hana ghala la kukosea. Ukimwaibisha mtu mbele ya watu, mheshimu mbele ya watu walewale, hata kama kila neno linakutoka kama mwiba. Na kama wewe ndiye mkubwa, uliyejinyima ili wengine wapate, usiwadai kimya kwa sababu ya hilo. Ni deni wasiloweza kulipa, na watakudanganya ili wakupe furaha.

Kile kifuniko chenye uzi bado ninacho. Simiyu alitaka kukitupa, nikakataa. Kiko kwenye ile fremu, juu ya cheti.

Nenda ukaanze kijiji chako. Mvua ikukute umeshapanda, majirani wakukosoe mapema, na nyumbani mwako asikosekane mtu wa kukuambia nyamaza. Mungu akulinde wewe na udongo utakaoushika.