Simu ya Chumba cha Pasi

Mhudumu wa usafi hakuiokota ile simu. Niliiokota mimi. Kwa miaka minne nimekisimulia kisa hiki darasani, kwenye meza za chakula na mara moja redioni, na kila mara nilimfanya yule Mbangladeshi mpole wa ghorofa ya tatu aione, aichomoe na aipeleke mapokezi. Nilimvisha hata kofia, ilhali hakuwahi kuvaa kofia. Mtu akiniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" nilijibu kwamba nilikuwa nakunywa chai. Kuhusu chai sikudanganya.

Ilikuwa miaka ile ambapo kila mtaa wa Nairobi ulikuwa na ofisi ya wakala yenye picha ya ndege mlangoni. Wakala mmoja aliniajiri niandike kijitabu cha kuwaandaa wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani Saudia: maneno ya Kiarabu ya jikoni, namna ya kumsalimu madam, mambo ya kufanya na ya kuepuka. Nilikuwa na shahada mbili na Kiarabu cha vitabuni, kile kinachokuwezesha kuusifu mwezi lakini si kuomba chumvi. Wakanipeleka nikajionee mwenyewe, siku nne Riyadh na siku nane Jeddah, pamoja na wakurugenzi wawili waliokwenda mikutanoni asubuhi na kuniacha hotelini nikitunga.

Kuhusu hoteli ya Riyadh nakumbuka zulia na ukimya. Ya Jeddah, upande wa Sharafiya, ilikuwa hoteli ya watu wa katikati kama mimi, wasio na makuu ila wanaotaka taulo mbili. Mshale wa kibla ulibandikwa darini. Foronya zilinukia udi na, chini ya udi, nguo isiyokauka vizuri. Kiyoyozi kilijua baridi ya aina moja tu. Mgahawani wanawake tulikaa sehemu ya familia, nyuma ya pazia, hata sisi ambao familia zetu zilikuwa ng'ambo ya bahari, na kila asubuhi tuliletewa maharagwe ya ful, jibini, zeituni na mayai ya kuchemsha.

Hapo ndipo nilipomwona. Familia moja ilikuwa imetoka Riyadh kwa likizo ya shule ili watoto waone bahari: baba, madam, watoto watatu, na yeye, msichana wa miaka ishirini na kitu, amesimama nyuma ya kiti cha mdogo wao akishika glasi ya maziwa. Jina lake lilikuwa limeandikwa mapokezi kama letu sote, kwa hiyo naye alikuwa mgeni wa hoteli. Ila sikuwahi kumwona ameketi.

Nilibandua yai langu, nikalibonyeza, nikajisemea kwa sauti kidogo, "Hili lilianza kuchemshwa kabla halijatagwa."

Alicheka puani, akauficha uso kwenye nywele za mtoto. Madam aligeuka. Yeye akakohoa. Baadaye, tulipokutana kwenye mashine ya juisi, alininong'oneza bila kunitazama.

"Auntie, wewe ni wa wapi?"

"Auntie ni dada ya mama yako. Mimi bado kijana. Nairobi. Wewe?"

"Webuye. Woi, sijasikia mtu akitukana yai kwa Kiswahili tangu nitoke nyumbani."

"Yalla!" madam aliita, na juisi ikaenda.

Siku ya tatu nilikwenda kupiga pasi. Kila ghorofa ilikuwa na kijichumba chenye meza ya pasi kwa wageni wasiotaka kumpa dobi nguo zao, na mimi nikiisoma bei ya dobi hukumbuka haraka kwamba nina mikono. Nilipoinama kuchomeka pasi nikaona, nyuma ya meza, kwenye soketi ya chini kabisa, kisimu kidogo cha vibonyezo kikichajiwa ndani ya soksi ya mtoto.

Shuleni nilikuwa kiranja, na ugonjwa huo sijawahi kupona. Isitoshe, usiku uliotangulia nilikuwa nimeandika ukurasa wa saba wa kijitabu changu: "Ukiokota kitu kisicho chako, mkabidhi mwenye nyumba mara moja." Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliisoma mara mbili kabla ya kulala.

Nikachomoa simu, nikashuka nayo ikiwa ndani ya soksi yake. Kijana wa mapokezi alinipa fomu: umeokota nini, wapi, saa ngapi, jina, sahihi. Palipoulizwa kama kitu ni mali yangu, nilitia alama ya hapana, kisha nikaikolezea wino isije ikaleta shaka. Sahihi yangu ni kubwa. Wanafunzi wangu huiigiza. Kijana akaweka mkono kifuani akaniambia kwa Kiarabu kwamba watu waaminifu wamebaki wachache. Nikaagiza chai nikaketi palepale ukumbini, ili niufaidi uaminifu wangu kidogo.

Haikumchukua kijana muda kufikiri. Ukiniondoa mimi, chumba cha pasi cha ghorofa ya tatu kilitumiwa na familia moja tu; wengine wote walimpa dobi. Baba aliposhuka, kijana alimkabidhi ile simu kwa heshima zote. Baba aliigeuza, akainua mabega, akampa mkewe. Madam hakuitazama simu. Aliitazama soksi. Ilikuwa ya mwanawe. Akamshukuru kijana kwa tabasamu, akaitia simu kwenye mkoba, akafunga zipu. Nilikuwa karibu kiasi cha kuisikia zipu hiyo. Hapo nikaelewa nilichofanya, na chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Kesho yake asubuhi yule msichana wa Webuye alinikuta kwenye chumba cha pasi. Alikuwa amebeba kanzu nne za baba begani.

"Auntie, hukuona kasimu hapa chini? Kadogo, kako ndani ya soksi."

Nilikuwa nanyoosha kola. "Hapana."

"Wala mtu akiingia?"

"Labda wa usafi," nikasema. Hivyo ndivyo yule Mbangladeshi alivyopata kazi ambayo ameifanya tangu siku hiyo.

Alizitundika kanzu, akaniambia mambo yake haraka haraka, jicho mlangoni. Alikuwa na binti wa miaka mitatu, aliyebaki Webuye na nyanya yake. Simu yake kubwa ilichukuliwa na madam alipofika kazini. Hii ndogo aliinunua kwa siri kupitia Mkenya dereva wa jirani. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na saa zetu na za kule ni moja, alibonyeza namba ya mama yake, akaacha ilie mara moja, akakata. Kule nyanya alikuwa tayari amemshikisha mtoto simu. Ikilia, mtoto alisema, "Mama ameamka," ndipo akanywa uji. Isipolia hanywi.

"Mlio mmoja tu, auntie. Hata salio haikatwi. Leo hajasikia. Saa hii bado amekaa nayo hivi." Akakunja viganja viwili kifuani kuonyesha.

Sikujua nitazame wapi, nikaitazama pasi.

"Madam hajaniuliza kitu," aliendelea. "Ananichekea tu. Hiyo ndiyo mbaya. Iko kwa mkoba wake, nimeiona soksi, na watoto wanasema baba alipewa mapokezi. Sasa, auntie, ukishuka pale mapokezi useme ni yako, ulikuwa unaichaji, watakuamini. Wewe ni mgeni mwenye chumba."

Ingewezekana. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na kila mara jibu ni lilelile: wangeniamini, madam angeona aibu, simu ingerudi. Isipokuwa kule chini kulikuwa na karatasi yenye hapana iliyokolezwa wino na sahihi yangu kubwa chini yake. Kushuka kungekuwa kumwambia kijana wa mapokezi kwamba mimi ni mwongo, na kupanda tena kumwambia huyu kwamba nilikuwa mwaminifu. Sijui lipi liliniogopesha zaidi.

"Mambo ya familia za watu," nikamwambia, "ni magumu kuyaingilia."

Ningependa kuandika kwamba sauti ilinitetemeka. Haikutetemeka.

"Haya. Halas, basi, auntie," akasema, akaanza kupiga pasi kanzu ya kwanza.

Siku mbili baadaye likizo yao iliisha. Nilikuwa ukumbini masanduku yao yalipoteremshwa. Alipita karibu na kiti changu, mtoto amelala begani mwake, na kitu kikaangukia mapajani pangu. Kilikuwa ile kadi iliyowekwa kila chumba, yenye vijisura kuanzia aliyenuna hadi anayecheka, ambapo mgeni huombwa aeleze alivyofurahia kukaa hotelini. Hakuna kijisura kilichotiwa alama. Nyuma kulikuwa na namba ya Kenya kwa penseli.

"Mlio mmoja, ukate," alisema bila kusimama. "Usiseme kitu. Mpaka nipate njia."

Mlango ukafunguliwa, joto la nje likaingia, wakaondoka kurudi Riyadh.

Nilifanya. Hili nalo sikuwahi kulisimulia, kwa sababu huwezi kusimulia mwanzo wake bila mwisho. Saa kumi na mbili kesho yake niliketi kitandani na simu, nikabonyeza, ikalia mara moja, nikakata. Na kesho yake. Nikarudi Nairobi nikaendelea. Siku tisa. Siku ya kumi nililala nikapitiliza, kwani wakala alikuwa anakitaka kijitabu na nilikesha nikisahihisha. Siku ya kumi na moja niliamka kwa wakati, nikakaa na simu mkononi, na badala ya kubonyeza nikaanza kufikiri, jambo ambalo nimelipwa maisha yangu yote kulifanya. Mlio huo ulimwambia mtoto kwamba mama yake ameamka. Mimi nilijuaje kama ameamka? Je, ni haki kumdanganya mtoto mdogo? Niliijenga hoja hiyo vizuri, ikasimama, na sikubonyeza tena. Kadi niliitia ndani ya kamusi. Kijitabu kilichapishwa, ukurasa wa saba ukiwemo.

Mwaka huu, baada ya kuwasimulia wanafunzi habari ya mhudumu mwenye kofia, msichana wa kiti cha mbele aliuliza, "Mwalimu, huyo wa usafi si anaingia kila chumba, anajua soksi za watoto wote? Mbona asirudishe pale ilipokuwa?" Nikasema kipindi kimekwisha. Kilikuwa kimebakiza dakika kumi na tano.

Nyumbani nikafungua kamusi. Nilitumaini penseli imefutika. Ilikuwa inasomeka vizuri sana.

Jumamosi asubuhi nikapiga, na safari hii sikukata. Akapokea mtoto wa kike.

"Halo, ni nani?"

"Nipe mtu mkubwa, mama."

"Nyanya ameenda shamba. Kuna auntie."

"Auntie gani?"

"Auntie wa Saudi." Kisha akaita mbali na simu, "Auntie! Unatakwa!"

Nikasikia kandambili zikija, na sauti ikasema halo, nami nikaijua. Sikuwa na jina lolote ambalo angenijua kwalo. "Ni mimi," nikasema. "Wa yai."

Alicheka puani, vilevile. "Woi. Umechukua muda."

Alikuwa amerudi mwaka mmoja uliopita. Baada ya Jeddah hakupata njia. Madam alimruhusu kuongea na nyumbani siku za Idi, simu ikiwa mezani, wote wakisikiliza. Mkataba ulipoisha, kafili, yaani mwajiri wake, alikaa na pasipoti yake mwaka mwingine.

"Mama aliniambia kulikuwa na mlio," alisema. "Siku tisa. Nikajua ni wewe."

"Na ya kumi?"

"Mtoto alikaa na simu mpaka uji ukafanya ngozi. Na kesho yake. Kama mwezi hivi. Halafu akaanza kukunywa tu. Mama anasema ilikuwa afadhali, alikuwa amekonda."

Nikamwambia basi. Nilimwambia kwamba simu niliichomoa mimi, nikaipeleka mapokezi mimi, na wa usafi hakuwamo kabisa.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Siku ile nilikuuliza. Jioni madam alienda kuchukua ile karatasi akanionyesha. Akasema, ona, hata mtu wa kwenu ni mwaminifu kukuliko." Kisha akaongeza, "Sahihi yako ni kubwa, auntie."

"Kabla ya kunipa ile kadi?"

"Kabla."

"Sasa namba ulinipa ya nini?"

Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda stendi. "Ningempa nani? Ni wewe tu ulikuwa umeniongelesha."

Nyuma yake yule binti yake akapaza sauti: "Auntie, maziwa inamwagika! Si nilikuambia uangalie?"

"Pole, pole, nakuja," alimjibu, kwa sauti ileile aliyowajibu nayo watoto wa mgahawani. Hakukata simu. Aliiweka mahali, nikasikia sufuria ikiburutwa kutoka motoni, na mtoto akimwelekeza kitambaa kilipo, kwamba si pale, ni pale, huku yeye akiuliza pale wapi. Nilisikiliza mpaka salio langu likaisha.