Miaka Niliyokaa Nje ya Jiko

Sisi tuliokulia Kimulot wakati msitu wa Mau ulikuwa bado unafika karibu na zizi letu, baridi tunaijua. Asubuhi ukungu ulilala juu ya majani ya chai mpaka humuoni ng'ombe uliyemshika kamba. Tulienda shule miguu mitupu. Tukimwona ng'ombe wa mtu akiinuka pale alipolala, tulikimbia tukasimama kwenye zile nyasi zenye joto, tukisukumana kama kuku penye mtama, hadi mwenye ng'ombe atufukuze. Wajukuu wangu huvaa soksi na sweta na kofia, na bado wanaliambia gari la shule lingoje kwa sababu nje kuna baridi.

Ijumaa tulibeba mavi ya ng'ombe kwenye mikebe, tukayapaka kwenye sakafu ya darasa ili tusiliwe na funza. Jumamosi ilikuwa ya kuchuma chai. Mvua ya mawe ikitukuta katikati ya shamba, tuligeuza vikapu tukavivaa vichwani, na ikiisha tuliokota barafu ile tukaila. Baba aliyalilia majani yaliyotoboka, sisi tulicheka na midomo iliyokufa ganzi.

Lakini hakuna mahali nilipopapenda kama jikoni kwa mama. Ilikuwa nyumba ndogo ya nyasi, imesimama peke yake nyuma ya nyumba kubwa, na moshi wake ulitokea juu ya paa kila upande. Jioni nilijibana kati ya kuni na mbuzi mdogo, nikimtazama mama akiandaa kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yanayolala mpaka yanakuwa mazito na machachu. Alitia makaa ya moto ndani ya kibuyu, akayasugua kwa kijiti kirefu hadi yakawa unga ulionata ndani mwake. Akapuliza, akakung'uta, kisha akamimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Kabla ya kuyamimina alinipa kibuyu ninuse. Harufu ile ndiyo harufu ya utoto wangu. Mursik ya siku hizi inayouzwa kwa chupa za plastiki kando ya barabara inanuka chupa.

Halafu nikaenda jandoni, kama wavulana wote wa rika langu. Nilipotoka nilikuwa mwanamume, na mwanamume wa kwetu haingii jikoni kwa mama yake. Hilo nililijua, lakini jioni ya kwanza miguu ilinipeleka huko yenyewe kwa mazoea. Kulikuwa na mvua. Mama aliniona mlangoni, akasimama, akapanga nguo yake vizuri kama mtu aliyefikiwa na mgeni.

"Mwanangu, hapa si pako tena," alisema. "Chakula kitakufuata."

Sauti yake haikuwa kali. Nadhani hata yeye ilimuuma. Lakini mimi nilirudi nyumba kubwa nikiwa nimevimba kifua, na chakula kikanifuata kweli. Kilinifuata kwa mama, kikanifuata kwa mke wangu Rael, kwa miaka yote ya ndoa yetu.

Rael alichuma chai pamoja nami tangu asubuhi. Tulibeba vikapu pamoja hadi kituo cha kuuzia majani, tukangoja lori pamoja, tukarudi nyumbani tumelowa pamoja. Hapo mimi niliketi kwenye kiti changu nikawasha redio. Yeye aliwasha moto. Wakati mmoja alikuwa na mimba ya binti yetu Chebet na homa imemshika, akaniomba nimchemshie maziwa tu. Nilitoka nikaenda kumwita mke wa jirani. Nilitembea hadi ng'ambo ya bonde kwenye matope, nikapita mlango wa jikoni kwangu nikienda na nikirudi, na nikajiona mume mwema. Leo nikilikumbuka jambo hilo natafuta mahali pa kuweka uso wangu.

Mwaka jana, msimu wa mvua, Rael aliteleza na kikapu mgongoni akavunjika mkono wa kulia. Hospitali waliuunga, lakini haukurudi kuwa mkono ule. Sufuria ya maji haiwezi, kijiti cha kibuyu hakishiki. Wake za majirani walitusaidia, kisha wakachoka, maana nao wana kwao. Vibuyu vyake vikakauka pembeni mwa jiko. Mimi nikawa naketi kwenye kiti changu nikingoja, sijui nangoja nani.

Siku moja nilimkuta anakunja nguo zake kwa mkono mmoja, anazitia kwenye begi. Chebet, aliyeolewa Merigi, angekuja Jumamosi kumchukua akakae naye.

Nilimuuliza kama ananiacha, uzee huu.

"Sikuachi, Baba Chebet," alisema, akiendelea kukunja. "Naenda tu mahali naweza kuletewa chai."

Nilitoka nje nikazunguka zizi. Nilitafuta mke wa jirani kichwani mwangu na sikumpata. Jioni nilisimama mbele ya mlango wa jikoni, mlango nilioujenga mwenyewe kwa mbao zangu, na mwili ukanikatalia kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Mtu asiyetoka kwetu atacheka. Lakini jambo ulilofundishwa siku ulipoambiwa umekuwa mtu mzima halitoki kirahisi. Nilijiambia kwamba nikiingia nitakuwa nimeacha kuwa mwanamume. Halafu nikajiuliza nitakuwa mwanamume wa nani Rael akishaondoka.

Niliinama nikaingia. Sikujua kiberiti kinakaa wapi. Moto ulinitoa machozi, maziwa yakapanda yakamwagika kwenye kuni, na nyumba nzima ikanuka. Nilimpelekea kikombe cha chai kwa mikono miwili. Alinywa kidogo, akakitazama.

"Imeungua," akasema. Akanywa hadi mwisho.

Kesho yake aliketi kwenye kigoda, mimi nikakamata kibuyu katikati ya magoti, akawa ananielekeza: sugua chini, usikimbilie shingo, geuza, sugua tena. Masizi yalinifika viwikoni. Hapo ndipo Arap Koros, wa rika langu, tuliyetoka naye jandoni siku moja, alipochungulia mlangoni kutafuta panga lake.

Alinitazama. Akatazama kibuyu. "Kumbe siku hizi Chebet ana mama wawili," akasema.

Mikono yangu ilitaka kukificha kile kibuyu. Rael aliinamisha macho chini, na nilijua kwamba nikikiweka, begi litafungwa.

"Keti, Arap Koros," nikamwambia. "Chai iko. Nimepika mimi."

Alicheka mpaka akakohoa, lakini aliketi nje ya mlango, akanywa vikombe viwili. Mkewe alifariki zamani, naye hula kwenye hoteli ya sokoni. Nilipomsindikiza, alisimama getini, akatazama pande zote za barabara, kisha akaniuliza polepole: majani hutiwa kabla ya maziwa au baadaye?

Kibuyu cha kwanza kilichacha vibaya, hata paka alikikataa. Nikarudia kingine. Jumamosi Chebet alifika, akanikuta nimepiga magoti napuliza moto, akasimama pale akimwita mama yake kama aliyeona nyoka. Rael alimwambia atakwenda Merigi kusalimia wajukuu, lakini si kuhamia. "Baba yako ana maziwa kwenye kibuyu," alisema. "Tunayafungua Jumanne."

Na Jumanne tuliyafungua. Hayakuwa kama ya mama, nisiwadanganye. Lakini Rael aliomba aongezewe.

Vijana wa leo hawana shida hii. Mmoja wao akikaanga yai anapiga picha, na dunia nzima inajua kijana amepika. Wacha wapige. Mimi nawaonea wivu kwa jambo lililonichukua karibu maisha yote. Nyasi zile zenye joto zimeisha, msitu umesogea mbali, na nyumba ndogo ya mama ilianguka siku nyingi. Sijapata moshi wenye harufu kama ule, na sitaupata. Enzi hizo nililala chini ya blanketi nikimsikia mama akivunja kuni gizani, na sikuwahi kujiuliza kama anasikia baridi. Sasa ninaamka wa kwanza mimi. Nikivunja kuni, namsikia Rael ndani akijigeuza kitandani, anavuta blanketi, analala tena.