Mkeka wa Kanisani wa Vaisioa

Vaisioa alipokata roho, bintiye Lesieli hakulia kwanza. Aliuchukua mkeka wa kiunoni wa mamake, ule unaofungwa juu ya nguo kwa heshima, na kuusokomeza chini ya godoro lake mwenyewe. Siku zake tatu za mwisho mgonjwa alikuwa akirudia neno moja tu: "Nizikeni na mkeka wangu wa kanisani."

Aliusuka kwa mikono yake mwaka aliofiwa na mume, na kwa miaka arobaini kengele ya alfajiri ilimkuta ameshaufunga. Mvua, homa, kimbunga, Vaisioa kanisani. Watoto watano na wajukuu kumi na mmoja aliwalelea kwenye benchi la tatu, na aliyesinzia wakati wa mahubiri alifinywa paja mpaka akaziona nyota mchana. Kwaya iliimba kwa tarakimu za ubaoni, kila sauti na namba yake, na mwandikaji alikuwa yeye. Ukikosea sauti alikuuliza mbele za watu, "Hiyo ni tano, au kuna jogoo anachinjwa?" Alikuwa mkali mama yule, na walimpenda hivyohivyo.

Aliyemtia Lesieli kiwewe ni Bi Kalolaine, binti wa shangazi yake Vaisioa, ambaye Lesieli naye alimwita shangazi. Kwa Watonga, upande wa shangazi ndio wenye msiba. Mtu wa upande huo hukaa kichwani pa maiti, na mkeka wowote wa msibani anaounyoshea kidole ni wake, hakuna wa kumkatalia. Ile mikuukuu ndiyo hutamaniwa zaidi. Msiba uliopita Bi Kalolaine aliondoka gari likiwa limejaa mikeka pomoni.

Siku ya maziko, kabla jeneza halijafungwa, swali likaja.

"Lesieli mwanangu, ule mkeka wa mama yako uko wapi?"

"Uliungua, shangazi. Jikoni, mwezi uliopita."

"Uliungua!" Bi Kalolaine alijishika kifua. "Jamani, Vaisioa aliniomba mimi. Aliniambia, 'Kalo, hawa watoto wataona hasara kuzika mkeka mkuukuu. Wewe hawatakukatalia. Uchukue, unifunge mwenyewe.' Sasa nimfunge nini?"

Kwa Lesieli, kusema kweli ilikuwa ni kumwambia mwanamke yule, mbele ya ukoo mzima, kwamba alimdhania mlafi. Akauacha uongo usimame. Bi Kalolaine akaufungua mkeka wa kiunoni mwake, akamfunga marehemu huku machozi yakimdondoka.

"Nenda na wangu, dada."

Jeneza likafungwa, likabebwa. Kwaya ilikuwa imeshafika ubeti wa pili kaburini ndipo moyo wa Lesieli uliposhindwa kabisa. Alirudi nyumbani mbio, akalipindua godoro, akakimbia tena na mkeka kifuani akipiga kelele, "Ngojeni! Ngojeni!"

Alipofika, wanaume walikuwa wanasawazisha mchanga juu ya kaburi. Kila mtu aliuona mkeka. Lesieli alipiga magoti akaanza kuchimba kwa kucha, hadi kaka zake wakamshika.

"Mfukueni! Nawaomba, mfukueni, aliniomba kitu kimoja tu!"

Bi Kalolaine alimsogelea, akaugusa mkeka ule kwa ncha za vidole.

"Kumbe haukuungua."

"Shangazi, nilidhani utauchukua…"

"Ningeuchukua, ndiyo. Nikampe mwenyewe."

Akashika njia ya nyumbani, kiuno kitupu mbele ya msiba mzima, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Lesieli alibaki mchangani ameukumbatia mkeka, akimwomba mamake msamaha kwa sauti kubwa, na mamake hasikii.